Mtani Hanunui Kitumbua

Pale Kagongwa, jirani na Kahama, ukitaka habari za Tanga humtafuti mtu wa Tanga. Unamtafuta Bi Mwanne, ambaye kabla ya mwaka jana hakuwa amefika Tanga wala kuiona bahari. Maji mengi kuliko yote aliyokuwa ameyaona ni ya Ziwa Victoria, siku alipopelekwa Mwanza kwenye harusi. Aliyatazama kidogo, akakunja mdomo, akasema, "Si mabaya, lakini hayana chumvi."

Bi Mwanne anakaanga vitumbua kando ya barabara, karibu na mashine za kukoboa mpunga. Vitumbua vyake ni vya mchele wa pale pale, na hakuna anayevisema vibaya. Tatizo, kama ni tatizo, ni kwamba huwezi kuvila peke yake. Ukikaa kwenye benchi lake, iwe wewe ni mpakia magunia, dereva wa lori linalokwenda Isaka, au bwana shamba aliyepitia chai, utakula na Tanga. Anakionyesha kikaango chake kwa ncha ya upawa, shimo kwa shimo. Hili ni boma alilojenga Mjerumani. Hili ni stesheni, kwa maana reli ya kwanza nchi hii ilianzia Tanga wakati wengine mlikuwa bado mnabeba mizigo kichwani. Hapa palipo na mafuta mengi ni bandarini, ambako meli hutia nanga mbali na mizigo ikashushwa kwa matishari, yale mashua mapana ya bapa. Na hapa pembeni, ndipo nyuki walipowavamia Waingereza katika vita vile vya kwanza vya Wajerumani, wakawarudisha mbio hadi majini.

"Nyuki mmoja," humalizia, "alimuuma babu yangu sikioni."

Babu huyo, Nasibu, ndiye chanzo cha yote. Alifika kwa treni hadi Isaka, akamalizia Kagongwa kwa miguu, siku zile reli ya kwenda Mwanza ilipokuwa ngeni, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya kiua, akizungumza Kiswahili cha taratibu. Alikuwa na kidole kimoja pungufu, kile cha mwisho mkono wa kushoto. Kilichukuliwa na papa. Alikuwa nahodha wa tishari, akanawa mikono majini bila kutazama, papa akapita. Habari hiyo Bi Mwanne aliirithi kwa baba yake pamoja na nyumba ya bati na jina la mtu wa pwani, na kati ya vitatu hivyo alichokipenda zaidi ni jina. Wenzake sokoni walikuwa Wasukuma na Wasumbwa, watu wenye ng'ombe na mashamba ya kuonyesha kwa kidole. Yeye alikuwa na Tanga.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyethubutu kuicheka Tanga hiyo mbele yake, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Huyo ni Mzee Ndaki, Msukuma mwenye zizi la ng'ombe upande wa pili wa barabara. Kila mtu anajua kwamba watu wa Usukuma na Unyamwezi ni watani wa watu wa pwani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakiteremka na pembe hadi baharini wakitukanana njia nzima ili safari iwe fupi. Mtani anaweza kukuambia neno ambalo kaka yako angeliombea radhi mwaka mzima. Mtani anachukua kitu chako mbele ya macho yako na huna pa kumshitaki. Kwa hiyo kila asubuhi Ndaki alikuja, akanyoosha mkono, akanyakua kitumbua cha moto kabisa kwenye kikaango na kuanza kukitupa toka kiganja hiki hadi kile, akisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mla samaki! Bahari yenu haijakauka?"

"Mwangaluka, mnuka samadi! Rudisha kitumbua changu, mwizi mkubwa wewe, mwizi uliyelelewa na ndama!"

"Unatafuta bandari ya Tanga ya nini? Serikali imekuletea moja hapo Isaka. Bandari kavu, hata papa hawana pa kujificha."

Benchi zima lilicheka. Kwa zaidi ya miaka thelathini Ndaki hakuwahi kulipia kitumbua, na siku asipokuja kuiba Bi Mwanne alituma mtu kwenda kuuliza kama ni mzima.

Sasa nieleze habari ya Zipora, maana bila yeye huwezi kuelewa kilichofuata.

Zipora alikuwa mke wa Ndaki, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto. Aliumwa kwa miezi, akafa wakati wa kupalilia. Ndaki alikaa kwenye kiti cha kukunja katikati ya ua na hakulia. Hakula pia. Akina mama wa kanisani waliimba, mchungaji alisema maneno mazuri, watoto wake walimbembeleza kwa uji, na mzee akatazama mbele tu kama mtu anayesubiri gari. Watu wakaanza kunong'ona kwamba watazika wawili.

Bi Mwanne alifika kabla ya jeneza kutolewa. Alipita nyuma ya nyumba, na kwenye msumari wa mlango wa nje akalikuta koti la Zipora, lile koti kuukuu la kiume alilokuwa akivaa kila alfajiri kukamulia. Akalivaa. Akachukua jembe. Akaingia uani akichechemea kama Zipora alivyochechemea, mkono kiunoni, akapaza sauti ile ile ya kuita ng'ombe:

"We Ndaki! Ndama hajafungwa! Nani alikwambia ukae na wageni wakati ndama ananyonya maziwa yote?"

Na Ndaki, kwa mazoea ya ndoa ndefu, akainuka nusu kwenye kiti kwenda kufunga ndama.

Ndipo alipojishtukia. Alitazama kushoto na kulia, akaona watu wote wanamtazama huku makalio yake yako hewani, akaangua kicheko ambacho hakuna aliyewahi kukisikia msibani. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti, na alipomaliza kulia akaomba maji, kisha uji. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Mtu mwingine yeyote angefanya vile, ndugu hasa, angelaaniwa na ukoo mzima na pengine kutozwa ng'ombe. Bi Mwanne alifanya na akashukuriwa.

Basi. Mwaka jana mwanawe Bi Mwanne, Bashiri, mchimbaji wa Nyarugusu kule Geita, alipata bahati. Duara, lile shimo walilokuwa wakilichimba yeye na wenzake kwa muda mrefu wakila ugali na maharage, lilitema dhahabu. Halikutema sana, lakini lilitosha kumfanya aje nyumbani amevaa viatu vipya na kusema, "Mama, sema unataka nini."

Angeweza kusema friji. Majirani wote waliomba Mungu aseme friji, wapate maji baridi. Alisema Tanga.

Kagongwa nzima ilimsindikiza kwa mdomo. Ndaki aliweka sharti: "Usiturudie na maneno matupu. Leta maji ya bahari ndani ya chupa tuyaonje. Na uulize kaburi la yule papa tukalifanyie tambiko."

"Nitakuletea maji," alijibu Bi Mwanne, "na nitakuletea jina la mtaa, na nyumba ya babu yangu, na ndugu zangu waungwana. Utakula aibu mpaka ushibe."

Mama na mwana walikwenda kwa basi, wakalala Dodoma, wakafika Tanga mchana. Jambo la kwanza Bi Mwanne alilolitaka, hata kabla ya kula, ni bandari. Akaiona. Bahari ilikuwa pale, ya bluu, kubwa, yenye harufu aliyodhani ni ya kitu kilichoharibika. Alisimama akiishika nguo yake kwenye upepo na macho yakamjaa machozi. Bashiri alidhani ni furaha, na kweli ilikuwa furaha, lakini dakika iliyofuata mama yake alikuwa anamhoji mlinzi wa geti.

"Mwanangu, matishari yako wapi?"

"Matishari ya nini, mama? Kina kimechimbwa. Meli siku hizi zinakuja mpaka gatini."

"Zinakuja mpaka gatini! Nani kaziruhusu?"

Mlinzi hakujua nani kaziruhusu. Bi Mwanne aliondoka pale amenuna kama mtu aliyekuta kabati la bibi yake limehamishwa. Lakini kadiri walivyozunguka mjini moyo wake ulitulia. Boma lilikuwepo, limezeeka vizuri, na vitu vya zamani vimewekwa ndani watu watazame. Saa ya Wajerumani ilikuwepo kwenye mnara wake. Stesheni ilikuwepo. Alitembea mbele na Bashiri nyuma, akimweleza kila jengo kabla hawajalifikia, na mara nyingi zaidi ya nusu alipatia. Pale alipokosea alisema wamelihamisha.

Siku ya pili wakaingia Ngamiani kutafuta nyumba. Tabu ikaanza hapo. Barabara zile zina namba, na Bi Mwanne hakuwahi kuambiwa namba. Aliuliza wazee barazani, aliuliza mwenye duka la vitambaa, aliuliza imamu: Nasibu, nahodha wa tishari, mtu wa zamani sana, aliyeliwa kidole na papa. Walisikiliza kwa adabu kubwa wakatikisa vichwa. Mwishowe, akiwa amechoka na miguu imevimba, akaketi kwenye benchi la mwanamke aliyekuwa akikaanga vitumbua, akakionja kimoja (hamira imezidi, alisema baadaye, ila hakumwambia mwenyewe) akauliza mara ya mwisho.

"Nasibu wa tishari simjui," alisema yule mwanamke. "Ila ipo nyumba ile pale yenye mlango wa kijani. Babu yao aliitwa Nasibu, na kidole hakuwa nacho. Panaitwa kwa Mnyamwezi."

"Babu yangu hakuwa Mnyamwezi," alisema Bi Mwanne.

"Mimi nakwambia panavyoitwa, dada. Huku kila mtu wa bara ni Mnyamwezi."

Mlango wa kijani ulifunguliwa na mzee mwembamba, Swaleh, aliyeshika usinga mkononi ingawa hapakuwa na nzi hata mmoja. Nyuma ya nyumba, katikati ya mji, ng'ombe mmoja alikuwa amefungwa kwenye mnazi akila maganda ya ndizi. Bashiri alimtazama yule ng'ombe, akamtazama mzee, na kicheko kikaanza kumpanda.

"Shikamoo, baba," alisema. "Tumetoka bara. Kahama, upande wa Shinyanga."

Mzee Swaleh aliangusha usinga. "Kahama!" alisema. "Kwetu!"

Jamani, yaliyofuata ningelipia kuyaona. Mzee yule hakuwa amevuka Korogwe maishani mwake, lakini alikaa akawaeleza Usukuma mwanzo mpaka mwisho. Aliwaeleza ng'ombe wa babu yake walivyokuwa wengi hata wa kwanza wakinywa maji wa mwisho bado hawajatoka zizini. Aliwaeleza miamba iliyopandiana, ngoma za mavuno, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo yeye alidhani ni aina ya samaki. Majirani walikuwa wamezoea, maana kila jioni aliwapa Usukuma pamoja na kahawa. Na babu huyo mkuu, Nasibu bin Mageni, mwana wa ng'ombe wengi, alikuwa na kidole pungufu, kile cha mwisho mkono wa kushoto. Alikiacha kinywani mwa simba wa Usukuma akiwa kijana mchungaji.

"Papa," alisema Bi Mwanne kwa sauti ndogo.

"Simba, dada yangu."

"Papa, hapa bandarini."

"Ilikuwa korona," ilisema sauti kutoka jikoni. Alikuwa Bi Samia, mke wa Swaleh, ambaye hakuacha kukuna nazi. "Mashine ya kusaga mkonge. Mama mkwe wangu aliniambia. Alikuja manamba, kibarua wa mkataba, akawekwa shambani huko Muheza, korona ikamla kidole, ndipo akakimbilia mjini kubeba mizigo. Na nyinyi wote wawili mna umri wa kujua hivyo."

Bashiri alitoka nje kumtazama ng'ombe, kwa sababu mtu mmoja mwenye uongo wa aina mbili kwa kidole kimoja si jambo la kuvumilia ukiwa umekaa. Lakini Bi Mwanne hakucheka. Swaleh alikuwa akimalizia hadithi taratibu, bila usinga sasa. Nasibu alimwoa binti wa Kidigo pale Ngamiani, wakapata mtoto, ndiye baba yake Swaleh. Reli ilipofika kwao bara, akasema mama yake ni mgonjwa, anakwenda kumwona mara moja. Mtoto alikuwa akipelekwa stesheni kila treni ilipoingia. Alipelekwa mpaka akawa mkubwa wa kwenda mwenyewe, na akaenda mwenyewe kwa muda mrefu.

Bi Mwanne aliona haya, haya ya kweli, kana kwamba yeye ndiye aliyepanda treni ile. "Nisamehe, kaka," alisema. "Sisi tulikuwa naye. Alituimbia. Hatukujua kwamba tunaye wa mtu."

"Alikuwa wenu pia," alisema Swaleh, akamshika mkono, na wazee wale wawili wakakaa hivyo mpaka Bi Samia alipoleta wali.

Usiseme safari haikuzaa matunda. Alikwenda kutafuta ndugu, akampata. Alikwenda kutafuta babu, akampata pia, ila alimkuta ametokea Kahama.

Ndani ya basi la kurudi, chupa ya maji ya bahari mapajani, Bi Mwanne aliitazama barabara mpaka Singida.

"Mama, mambo madogo haya," alisema Bashiri. "Hakuna haja ya kuyatangaza. Umeona Tanga, umeleta maji. Yaache hivyo."

"Kama babu alikuwa mtu wa Mageni wa Kahama, mimi na Ndaki ni nini?"

"Ndugu. Si vizuri?"

"Ndugu hataniwi, Bashiri. Ndugu hanyang'anyi kitumbua. Na ndugu..." Alishika chupa kwa nguvu. "Ndugu havai koti la marehemu akamwigiza mbele ya jeneza. Mimi nilimfanyia Zipora vile. Kama sikuwa mtani, nilikuwa nani pale? Nilikuwa mwanamke aliyedhihaki maiti ya dada yake."

Ukweli ni kwamba mama huyo angeweza kunyamaza, na sisi wengi tungenyamaza. Bi Mwanne ana maneno mengi yasiyo na ushahidi, lakini hajawahi kusema neno ambalo mwenyewe haliamini. Hapo ndipo alipokwama.

Asubuhi ya kurudi kwake benchi lilijaa mpaka wengine wakakalia magunia. Ndaki alifika wa mwisho kama bwana harusi. Akanyakua kitumbua, akapokea chupa, akaonja maji ya bahari mbele ya umati, akayatema mpaka kwenye gurudumu la pikipiki.

"Haya ndiyo mnayojivunia? Hata ng'ombe angenishitaki! Haya, mla samaki, tuambie ya papa."

"Hakukuwa na papa," alisema Bi Mwanne. Na akayasema yote, bila kupamba, upawa umelala mapajani: mkonge, korona, manamba, Mageni wa Kahama. "Sisi si watani, Ndaki. Sisi ni ndugu. Nilikuwa sijui. Kwa yale niliyoyafanya kwako siku ile ya Zipora, naomba unisamehe."

Hakuna aliyetafuna. Ndaki alitazama kitumbua kilichobaki mkononi mwake. Akakimaliza polepole, akapangusa vidole kwenye suruali, akaingiza mkono mfukoni. Akatoa sarafu na kuiweka juu ya meza, karibu na sukari.

"Shikamoo, dada," alisema. Akaenda zake.

Ilikuwa wiki mbaya. Ndaki alikuja kila siku, akasimama foleni nyuma ya wapakia magunia, akasema shikamoo, akalipa, akashukuru, "Wabeja sana, dada." Alimletea kuni alizozipasua vizuri. Alimuuliza kama miguu imepungua kuvimba. Heshima ile ilimchoma Bi Mwanne kuliko mafuta. Alijaribu kumchokoza, akamwambia ng'ombe wake wanafanana naye, na mzee akajibu, "Ni kweli, dada," kwa unyenyekevu. Biashara ikapoa, maana watu hawakuwa wakija kwa vitumbua peke yake, hilo sasa lilikuwa wazi. Sarafu zile Bi Mwanne hakuzichanganya na nyingine. Aliziweka kwenye kikombe kilichovunjika mkono, na kila alipokitazama alijisikia mjane.

Jumapili hakukaanga. Alivuka barabara mchana, jua likiwa kali, akaenda kwa Ndaki, akapitiliza nyumba mpaka kwenye kaburi la Zipora lililo ubavuni mwa zizi. Alikuwa na kile kikombe cha sarafu. Akapiga magoti kwa tabu.

"Dada Zipora," alisema. "Nimekuja kuomba radhi. Nilidhani nina haki."

"Nani huyo anazungumza na mke wangu?" Ndaki alikuwa amesimama nyuma yake, kamba ya ndama mkononi. "Umekuja kumwambia nini ambacho hakijui?"

Bi Mwanne hakugeuka. Ndaki akazunguka, akaketi upande wa pili wa kaburi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakumwita dada.

"Bibi yake Zipora alizaliwa mji mmoja na babu yako," alisema. "Aliwasimulia wajukuu habari za kijana wa Mageni aliyekwenda mkonge akarudi na kanzu, akikataa michembe na kujidai haelewi Kisukuma, mpaka mama yake mzazi akamchapa. Zipora alikuwa akikucheka kila unapotaja papa. Alicheka usiku kucha mwanamke yule. Mimi nilijua tangu mwaka tuliooana."

"Ulijua?" Bi Mwanne aligeuka sasa. "Na ukala vitumbua vyangu?"

"Ningesema, ningekula nini? Ndugu ninao, Mwanne. Ninao wengi mpaka nimechoka. Mtani nilikuwa naye mmoja." Aliivuta kamba, akaiachia. "Zipora alipoona hali yake haipandi tena, aliniita. Akasema, 'Usimwambie kamwe yule. Siku yangu ikifika, ndugu zangu wote watakuja kulia, na wewe utakaa hapo kama gogo, nakujua. Muache aje kama mtani.' Kisha akaniambia nilitoe koti lake chumbani."

"Koti?"

"Unadhani lilitembea lenyewe hadi kwenye msumari? Nililitundika mimi, kwa mikono hii, asubuhi ile. Yeye ndiye aliyeniagiza. Nilijua utalivaa, nilijua utaniita, na bado nikainuka kwenda kufunga ndama."

Bi Mwanne alilia. Alilia hivyo hivyo akiwa amepiga magoti, kikombe kifuani, na Ndaki akamwacha amalize.

"Basi kwa nini ulinilipa?" aliuliza alipopata sauti. "Wiki nzima, Ndaki! Shikamoo dada, shikamoo dada!"

"Ulisema mbele ya watu kwamba sisi ni ndugu. Nikaogopa, nikadhani umeamua. Nikasema basi, nimwonyeshe undugu ulivyo." Akakuna kidevu. "Halafu nikaona unateseka, nikaona vizuri, nikaongeza."

"Mshenzi wewe."

"Enhe," alisema Ndaki, na uso wake wote ukafunguka. "Enhe, sema tena."

Alisema tena, na akaongeza mengine ambayo kaburini hayasemwi, na ndama wakainua vichwa kusikiliza. Kisha akammwagia sarafu zake miguuni, zote, akanyoosha mkono ainuliwe.

Kesho yake asubuhi Ndaki alinyakua viwili.

"Mwangaluka, mla mkonge!"

"Rudisha, mwizi wa ndama! Rudisha kimoja!" Bi Mwanne alimfukuza na upawa mpaka karibu na mashine za mpunga, miguu imevimba hivyo hivyo, na benchi likapiga makofi. Alirudi anahema, akakaa, akamgeukia dereva mmoja mgeni aliyekuwa akishangaa, akachovya upawa kwenye kikaango.

"Wewe hupajui Tanga," alimwambia. "Hili hapa ni shamba la mkonge. Hapa ndipo kidole cha babu yangu kilipobaki. Na huyo mzee unayemwona anakimbia na vitumbua vyangu, nikifa mimi, ndiye atakayevaa kanga yangu."